Fremu ya Mrefu

3 Februari

Shemeji,

Salamu kutoka kwetu. Pacha wamesharudi bweni na nyumba imekuwa kimya, nasikia hadi friji ikinguruma. Nimeamua kuandika kwa sababu masikio yako na simu havipatani. Mara ya mwisho nilikuambia Pacha wana mitihani, ukaniuliza mitungi ya nini. Kondakta wa basi la asubuhi anasema anapita mbele ya karakana yako, na barua au mzigo atakuachia.

Jambo lenyewe ni hili. Ile fremu ya marehemu kaka yako bado inaning'inia stoo. Alipoiokota kwa wauza vyuma chakavu alisema ataijenga baiskeli ya mbio, kipande kwa kipande, kwa vijisenti vya kuungaunga. Akaugua kabla hajafunga hata pedali. Chini yake kuna kasha: usukani uliopinda kama pembe za kondoo, breki mbili, mkono mmoja wa pedali, wa pili siuoni, na mfuko wa gololi.

Nataka kuimalizia. Pesa ya dukani sina, mshahara wa kujalidi vitabu unaujua. Ila mikono ninayo, na fundi ninaye. Nianzie wapi?

Mama Pacha


11 Februari

Shemeji,

Umefanya jambo la maana. Chuma chepesi namna ile hakipatikani tena kirahisi, ikikamilika itapata bei nzuri na Pacha watapata viatu.

Kwanza tujue kama fremu imenyooka. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa, upitishe mbele ukizunguka shingo ya fremu, urudi nao upande wa pili. Vuta ukaze. Halafu pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana, tuendelee. Zikipishana, usinunue hata nati, maana utakuwa unavalisha maiti suti.

Kisha fungua vikombe vya katikati, pale mikono ya pedali inapozungukia, uvisafishe. Mkono wa pili wa pedali nakutumia, nimeutoa kwenye baiskeli iliyogongwa. Rangi zitatofautiana, usijali.

Na hizo pesa kidogo ziweke kwenye tairi na breki. Kwingine kote tutaokoteza.

Fundi


20 Februari

Shemeji,

Uzi nimeuvuta. Nimepima kwa rula ya chuma ya kazini. Tofauti ya kulia na kushoto ni unene wa karatasi ya jalada, basi.

Kikombe cha kushoto kimetoka kwa adabu. Cha kulia kimenitoa jasho tangu Jumamosi. Nimetia mafuta, nimepiga kwa nyundo, nimening'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote mpaka jirani akaja kuuliza kama nahama. Hakijasogea hata unywele. Nisaidie kabla sijakisemesha maneno ambayo Pacha hawajawahi kunisikia nikiyasema.

Mama Pacha


26 Februari

Shemeji,

Nimecheka hadi wateja wakanikodolea macho. Cha upande wa mnyororo kina uzi wa skrubu wa kinyume. Unakifungua kwa kukizungusha kama unayekaza. Wewe tangu Jumamosi ulikuwa unakikaza! Kosa ni langu, nilipaswa kusema.

Ringi mbili zinakuja na barua hii. Nimezinyoosha lakini njiani zitachezacheza. Ukishafunga breki, zungusha gurudumu utazame pengo kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi ikielemea kushoto, kaza kidogo spoki ya kulia pale pale, robo mzunguko. Usiwe na pupa. Anayekaza nusu mzunguko huishia na gurudumu lenye umbo la yai.

Mnunuzi akipatikana, nipimie urefu wa mguu wake kwa ndani, toka sakafuni hadi kwenye paja juu kabisa, ili nijue siti na usukani vikae wapi.

Fundi


15 Machi

Shemeji,

Kikombe kimetoka, tena kwa vidole viwili, na mimi nimeaibika peke yangu stoo. Magurudumu yananyooka. Naanza kuipenda kazi hii ya robo mzunguko. Nafika kutoka kazini na harufu ya gundi, nabadilisha gauni, nakaa kwenye kigoda, nazungusha na kutazama.

Urefu wa mguu ni sentimita sabini na nne.

Mama Pacha


22 Machi

Shemeji,

Sabini na nne? Pima tena. Kama ni kweli, huyo mtu na fremu hiyo hawaendani hata kwa dawa. Kaka hatukumwita Mrefu kwa utani. Mtu wa mguu huo akisimama juu ya bomba la kati, miguu itaning'inia kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Mwambie aangalie kwingine, utafute mnunuzi mwingine. Haraka ya nini?

Fundi


30 Machi

Shemeji,

Sitafuti mnunuzi mwingine. Atakayeipanda ni huyo huyo.

Nina swali. Fremu haiwezi kukatwa ikapunguzwa? Chuma huungwa kwa moto, hilo hata mimi najua. Kazini kwetu tunakata siku nzima. Kitabu kikizidi kipimo hakitupwi, kinapelekwa kwenye kisu.

Mama Pacha


8 Aprili

Shemeji,

Hiyo fremu haikatwi mimi nikiwa hai. Kitabu ni karatasi. Hicho ndicho kitu pekee ambacho kaka alikianza na kukiacha.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, nami niseme nilichosikia. Shangazi amepita hapa. Anasema kila Jumapili kuna mwanamume mwenye upara anaonekana akitoka getini kwako akiisukuma baiskeli, na wewe nyuma yake. Wewe ni mtu mzima. Kaka ana miaka miwili kaburini na hakuna anayekuzuia kuolewa. Lakini ningependa kuambiwa, sio kuzungushwa na habari za vikombe na spoki. Na huyo bwana, kama ni mfupi, anunue fremu ya saizi yake.

Fundi


9 Mei

Shemeji,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima ili nisijibu kwa hasira. Hasira imegoma kuisha, kwa hiyo najibu nayo.

Mguu wa sentimita sabini na nne ni wangu.

Mwenye upara ni Kapteni wa kikundi cha baiskeli, kile cha kaka yako. Mke wake naye ni mwanachama, na kila Jumapili yupo, ila shangazi yako hakumwona kwa sababu macho yake huona wanaume tu. Baiskeli niliimaliza kuifunga mwishoni mwa Machi, na Kapteni anaisukuma mpaka barabarani kwa sababu mimi siwezi kuipanda nikiwa kwenye kokoto. Ananishikia siti mpaka nishike mwendo, kama mtoto wa miaka sita. Sasa umeshajua.

Sikukuambia kwa sababu wewe mwenyewe ulisema itauzwa, nikaona nikikusahihisha utanicheka. Mwanamke wa umri wangu, mwenye nyonga hizi, kwenye baiskeli ya mbio. Miaka yote ile kaka yako akienda na wenzake hadi kilima cha mnara wa redio, mimi nilibaki nyumbani. Anarudi, nampokea na taulo, anasema kulikuwa kuzuri, anaoga, analala. Kulikuwa kuzuri vipi? Hakuwahi kusema, nami sikumuuliza. Nataka nikaone.

Kama hutaki kunisaidia tena, niambie tu. Nitaulizia kwingine.

Mama Pacha


17 Mei

Shemeji,

Barua yako niliisoma nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Nisamehe. Nilikufikiria vibaya, na nilivyoandika ilikuwa vibaya zaidi. Shangazi nimeshamwambia ukweli. Kaondoka amekasirika, lakini huwa anakasirika hata akipewa chai.

Sikucheki. Ningecheka kama ungekuwa umekaa na hicho kikombe hadi leo.

Nakutumia shingo fupi ya usukani, itausogeza karibu nawe kidogo. Siti ishushe hadi mwisho na uisogeze mbele. Kipimo ni hiki: ukae, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinamia upande. Kisha endesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Geuza usukani juu kidogo. Kwa njia hiyo tutaibembeleza fremu ikukubali bila kuigusa na msumeno.

Fundi


12 Juni

Shemeji,

Asante kwa shingo. Nimefanya yote uliyosema. Usukani uko karibu zaidi, ila baada ya nusu saa vidole viwili vya pembeni vinakufa ganzi. Nimesogeza siti mbele, mgongo umepona, magoti yameanza. Nimerudisha nyuma, magoti yametulia, mgongo umerudi. Ni kama kitanda cha wageni na shuka fupi.

Breki nzuri sana. Gia inaruka kwenye jino la tatu.

Jumapili niliteleza kidogo kwenye makutano ya barabara. Si kitu. Usishangae mwandiko, naandika kwa haraka.

Mama Pacha


18 Juni

Kwa Fundi,

Hatufahamiani ana kwa ana. Mimi ndiye mwenye upara. Habari za shangazi nimesimuliwa, na mke wangu bado anacheka.

Nakuandikia bila ruhusa ya shemeji yako. Hakuteleza. Kwenye makutano taa ilibadilika, akasimama, akataka kushusha mguu na mguu haukufika chini. Bomba la kati liko juu mno kwake. Akaanguka na baiskeli yake upande wa magari, na lori lililokuwa nyuma yetu likafunga breki. Nilikuwa karibu naye. Tairi la lori lilisimama mahali ambapo ningeweza kuligusa nikiwa nimeshika kofia yake ya kichwani. Dereva alishuka akakaa barabarani.

Mkono wake wa kulia una plasta mpaka kwenye kiwiko. Kama amekuandikia, ameandika kwa kushoto.

Nilimfahamu kaka yako. Alikuwa mpandaji mzuri na rafiki. Nimemwambia shemeji yako kwamba kwenye fremu ile simruhusu tena kupanda na sisi. Ameacha kunisalimia. Nimeona ni afadhali ninuniwe na mtu aliye hai.

Kapteni wa kikundi


26 Juni

Shemeji,

Mwandiko wako wa kushoto ni mzuri kuliko wangu wa kulia. Ungeniambia.

Mwambie Kapteni aifungue baiskeli yote. Vipuri baki navyo. Fremu na uma wa mbele vifungwe kwenye gunia, nivipate kwa basi la Jumanne.

Fundi


30 Juni

Shemeji,

Gunia hilo. Hukusema unaitaka ya nini, na sikuuliza. Kama unaichukua kwa sababu nimekaribia kujiua juu yake, ni haki yako, ilikuwa ya ndugu yako kabla haijawa ya mume wangu, au vyovyote inavyohesabiwa. Ukiitundika ukutani kwako, itundike mahali pakavu.

Stoo sasa ina msumari mtupu. Nimeweka ufagio.

Mama Pacha


2 Septemba

Shemeji,

Samahani kwa kukaa kimya. Sikutaka kukuahidi kitu kabla sijajua kama nakiweza.

Fremu imo ndani ya gunia hili. Usishtuke ukilifungua. Nimeikata.

Kukata ni kazi ndogo, shughuli iko kwenye kuunga. Bomba likipata moto kupita kiasi linakuwa laini, likipata kidogo halishiki. Nilijaribu kwanza kwenye fremu ya baiskeli iliyotupwa, nikaiunguza. Nikajaribu ya pili, ikapinda mbele na kuwa kama mbuzi anayetazama pembeni. Ya tatu nikasimama juu yake na kuruka, na mimi si mwepesi. Ikakubali. Ndipo nikachukua ya Mrefu.

Bomba la siti limepungua, la kati limepungua na nimeliteremsha upande wa nyuma, kwa hiyo litalala mteremko. Si mtindo wa fremu za zamani, ila utasimama juu yake na kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Uma sikuugusa. Nimevuta uzi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Imenyooka.

Nimepaka rangi ya chini tu, ile ya kijivu. Ya juu chagua mwenyewe.

Uliniuliza mwezi wa tatu nikakujibu vibaya. Ningekata wakati ule, lori lisingekuwepo kwenye habari zetu.

Fundi


21 Septemba

Shemeji,

Nililifungua gunia uani, nikakaa na fremu mapajani. Sikuona pa kuungia mpaka nilipopitisha kidole. Umeunga kama mtu anayejalidi kitabu kwa ajili ya nyumbani kwake.

Plasta imetoka, mkono ni mwembamba lakini unashika spana. Nimeijenga upya mwenyewe, Pacha, walio likizoni, wakinishikia tochi na kunisahihisha wakati hawajui lolote. Kikombe cha kulia nimekifunga nikizungusha kinyume, kwa mara ya kwanza bila kuwaza. Mnyororo tumeupunguza pingili mbili, nyaya za gia nimenunua mpya. Rangi ni ya kijani iliyokolea, imebaki kwenye pipa kazini baada ya kazi ya majalada ya vitabu vya sheria. Msimamizi aliniambia nichukue.

Siti imekaa katikati ya reli yake, haiko mbele wala nyuma. Nimeenda hadi daraja la reli na kurudi. Vidole vyote kumi nilikuwa navyo.

Kapteni alikuja kuikagua. Aliniambia nisimame juu yake, nishushe miguu, nisimame tena. Akainama akatazama nyayo zangu zilivyokanyaga ardhi. Akasema, "Haya, Jumapili saa kumi na mbili." Nimemsalimia.

Mama Pacha


19 Oktoba

Shemeji,

Nimefika kwenye mnara wa redio.

Tuliondoka kumi na wanne. Tambarare nilikuwa katikati yao, nimejificha upepo nyuma ya mke wa Kapteni, ambaye ni ukuta mzuri. Kilima kilipoanza wote wakanipita, pamoja na mzee mmoja mwenye baiskeli ya kapu. Nikaweka gia nyepesi kuliko zote. Baada ya kona ya pili hakukuwa na mtu mbele wala nyuma, ni mimi na lami na kokoto za pembeni. Mnyororo ulikuwa kimya kabisa. Nilisikia pumzi yangu ikienda na miguu.

Juu hakuna kitu, shemeji. Uzio, mlinzi, mbwa wa mlinzi, na mji kwa chini unaoonekana kama mtu amemwaga vipande vya karatasi. Mke wa Kapteni alinipa chungwa. Nikakaa chini nikala.

Hapo ndipo nilipogundua jambo linalonisumbua tangu jana, na sina wa kumwambia ila wewe. Tangu kilima kianze hadi kufika juu, sikumfikiria kaka yako hata mara moja. Nilifikiria gia. Nilifikiria kokoto, na maji yaliyobaki kwenye chupa. Nilibeba leso kwa sababu nilijua nikifika nitalia. Nimeitumia kufutia miwani.

Nilienda kule kwa ajili yake, na njiani nikamsahau. Huo ni ubaya?

Mama Pacha


27 Oktoba

Shemeji,

Si ubaya.

Siku ya kuikata nilifunga mlango wa karakana, nikawaambia wateja nina mgeni. Nilitegemea mkono utanigomea. Nikaweka alama ya chaki, nikashika msumeno. Ukishaanza, kuna mstari wa chaki na kuna msumeno, na inabidi vikutane. Nilifikiria milimita. Mrefu alinirudia jioni nikiwa naosha mikono, na hakuonekana kama mtu aliyechukia.

Nikwambie kitu ambacho hukuwahi kukijua, maana ulikuwa hujaolewa kwetu. Siku tuliyomzika mama, watu wamejaa nyumbani, kaka akapotea. Nilimtafuta kila mahali. Nikamkuta nyuma ya nyumba, bado amevaa shati la mazishini, amegeuza baiskeli miguu juu anakaza spoki. Nilimwambia hana moyo. Akaendelea kuzungusha gurudumu na kulitazama. Nilikaa na neno hilo kifuani miaka mingi, nikiamini nilimwona vizuri.

Sasa naona alikuwa anapumzika tu.

Nyaya zako ni mpya, kwa hiyo baada ya safari ile zitakuwa zimevutika na gia itaanza kurukaruka. Kirekebisho kiko pale waya unapoingia kwenye gia ya nyuma. Kizungushe kushoto, robo tu, halafu uende mtaa mmoja usikilize.

Fundi